Mwana wa Getini

Katika bustani ya ziwani, pale katikati ya Mwanza, hakuna ruhusa ya kuingia peke yako. Ukija bila mwenzio, geti linakupa ndugu wa mchana mmoja. Jumapili hii nilipewa mtoto, kijana mrefu aitwaye Lukelo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Alinitafutia kivuli, akaninunulia sato wa kuchoma, akanitolea miiba yote kwa vidole vyake. Raha iliyoje! Hata maumivu ya magoti niliyasahau.

Ndipo nikamwona Magesa, mwanangu wa kumzaa, ambaye hapokei simu zangu, eti kazi zimembana. Alikuwa kando ya maji, amechutama, anamfunga kamba za viatu bibi aliyepewa getini. "Taratibu, mama," alimwambia, na upepo ukaniletea sauti yake.

Nikageuza uso.

"Na mama yako mzazi anaishi wapi?" nikamuuliza Lukelo.

"Nyakato, hapa hapa mjini. Nitakwenda kumwona nikipata nafasi."

Nilitaka kumwambia anyanyuke aende sasa hivi. Neno lilifika mdomoni kabisa. Nikamshika mkono.

"Jua bado kali, mwanangu. Kaa kidogo."