Kifaranga Hataki Uondoke

Nukta iliwaka nyekundu, na Ndoano akaruka kutoka kitini kama aliyefunga bao.

"Tena! Amebonyeza 'Toka' tena na hajatoka! Mnaona lakini?"

Vijana wawili wa michoro wakapiga makofi. Shangazi hakupiga. Shangazi, kama wote walivyomwita, ndiye aliyekuwa mjaribu wa michezo mkongwe kuliko wote pale ofisini, na kazi yake ilikuwa kutafuta ubovu. Siku hiyo ubovu alishauona. Ulikuwa umevaa shati jeupe na unachekacheka.

Jina la Ndoano alibandikwa na wenzake, naye akalipenda, bwege yule. Kazi yake ilikuwa kubuni namna ya kumnasa mchezaji asichomoke. Asubuhi hiyo alikuwa amewarushia wachezaji wa majaribio toleo jipya la mchezo wa simu wa kulea kifaranga. Ukitaka kutoka, kifaranga analia: "Usiniache peke yangu!" Ukibonyeza "Toka," kitufe kinahamia pembeni. Ukikifuata, kinahama tena. Hata vitufe vya simu yenyewe alivifunga, eti mpaka kifaranga asinzie.

Kwenye skrini kubwa ukutani, kila mchezaji alikuwa na nukta yake, bila jina. Kijani, mchezo uko wazi. Nyekundu, amebonyeza "Toka." Njano, kuna simu inaingia, asipoipokea, kifaranga anarudi palepale. Wengine wote walishazima simu zao kwa hasira. Ilikuwa imebaki nukta moja, chini kabisa pembeni, na hiyo ndiyo iliyomtia Ndoano wazimu wa furaha.

Nyekundu. Nyekundu. Nyekundu.

"Huyo mtu anataka kutoka," Shangazi akasema.

"Kila mtu anataka kutoka. Ndiyo maana mimi nalipwa."

"Huna haya wewe."

"Haya haijazi sufuria, Shangazi."

"Sikiliza. Nilianza kujaribu michezo wewe bado unakojoa kitandani. Mchezo mzuri mtu anaurudia kwa sababu anaupenda. Huu wako anabaki kwa sababu umemfungia mlango. Huo si ubunifu, ni utekaji!"

Ndoano akabetua midomo. "Utekaji! Mama yangu mzazi nimemwekea mwenyewe kwenye simu yake. Mchezo ungekuwa sumu, ningemlisha mama yangu? Anacheza kidogo akinywa chai, anacheka, anaweka simu chini, yamekwisha."

"Mama yako kwa kukulea wewe tu alishazoea kuvumilia."

Vijana wakaangua kicheko. Ndoano hakucheka. Akageukia ukutani kutafuta faraja, na faraja ikawepo: nukta ilikuwa imeacha kuwaka nyekundu. Ilikuwa kijani tu, imetulia.

"Haya, tazama! Amekubali. Mwanzoni wanafurukuta, halafu wanakubali."

Shangazi akasogea karibu na skrini. "Hachezi. Hamlishi kifaranga, hagusi chochote."

"Anamtazama. Mapenzi hayo. Wewe utayajulia wapi?"

Nukta ikageuka njano. Ikakaa njano kwa muda, kisha ikarudi kijani. Njano tena. Kijani tena.

"Nani huyo anayemsumbua mteja wangu?" Ndoano akafoka, kisha akajipiga paja. "Na mwenyewe hapokei! Anapigiwa simu, anamchagua kifaranga! Jamani, mimi nani?"

Bosi, aliyekuwa akipita na kikombe chake, akasimama mlangoni kutazama. "Huyo ndiye mteja ninayemtaka," akasema. "Kesho tunautoa kwa watu wote. Hongera, Ndoano." Akaenda zake.

Ndoano akamtazama Shangazi kwa dharau, kuanzia viatu mpaka kilemba. "Umesikia? Au nirudie polepole?"

Shangazi akavua kitambulisho cha kazi shingoni, akakitupa mezani mbele yake.

"Nimesikia. Tafuteni mjaribu mwingine. Na mimi, mwanangu, mlango wangu wa kutokea bado uko palepale."

Alikuwa ameshashika kitasa simu ya Ndoano ilipolia. Aliyepiga alikuwa dada yake mkubwa, na sauti yake ilisikika chumba kizima.

"Wewe, umeongea na mama leo?"

"Dada, niko kazini."

"Nimempigia mpaka kidole kinauma, inaita tu. Jana kifua kilikuwa kinambana, na wewe ukaniambia asubuhi utapita kumwona. Ulipita?"

"Nilikuwa na toleo jipya, dada. Atakuwa amelala."

"Mama gani analala saa hizi? Jirani anasema mlango umefungwa kwa ndani. Hebu mpigie wewe. Wewe ndiye kitindamimba wake, hata akiwa na povu mikononi atapokea."

"Haya, haya, nampigia." Akakata. "Wanawake wa kwetu kwa wasiwasi!" akawaambia vijana, akatafuta jina la mama, akabonyeza.

Simu ikaanza kuita sikioni mwake. Ukutani, nukta ikageuka njano.

Vijana walikuwa bado wanacheka. Shangazi alikuwa ameachia kitasa.

Ndoano akakata. Kijani.

Akapiga tena, safari hii macho yakiwa ukutani.

Njano.