Maua ya Machi

Picha kumi na tisa zilitundikwa ukutani. Ya ishirini ilisimamishwa peke yake katikati ya ukumbi wa maktaba, juu ya miguu ya mbao, ili mtu aweze kuizunguka na kuitazama hata kwa nyuma.

Rosaura Becerra hakuzijali zile za ukutani. Alikuja kwa hiyo moja, maana ndiyo iliyomnyongesha baba yake.

"Mimi siingii," kaka yake, Nacho, alikuwa amemwambia nje, mikono ingali kwenye usukani. "Una miaka hamsini na mitatu, bado hujachoka? Baba kafa, mchoraji kafa. Unakwenda kugombana na rangi?"

"Nakwenda kuitazama tu."

"Wewe, kutazama tu? Haya. Injini siizimi."

Bonde zima liliijua kesi ile. Mwishoni mwa Juni, 1919, Hilario Becerra, aliyekuwa akiuza maji kwa gari la nyumbu, alimkuta mke wa mchoraji Alden Prewitt amelala kwenye korongo kavu, kichwa kimepondwa. Alikimbia kutoa taarifa, wakamkamata yeye. Mahakamani, huko pwani, Hilario aliapa kwamba Juni ile ile alimpelekea mchoraji maji korongoni mara tatu, na kwamba alimwona kwa macho yake akichora jabali lililopasuka.

Prewitt naye aliapa kwamba tangu Machi hakukanyaga jangwani. Akaleta picha ya jabali hilo, akaigeuza. Watu wote walijua kwamba Prewitt alichora akiwa mbele ya kitu chenyewe, akamaliza hapo hapo, na kuandika tarehe nyuma kabla rangi haijakauka. Nyuma iliandikwa Machi 14, 1919. Basi muuza maji alikuwa mwongo. Wazee wa baraza kumi na wawili, watu wa mjini watupu, walikata shauri kwa dakika arobaini.

Rosaura alikuwa na miaka minne. Shuleni alikua akiitwa mtoto wa muuaji, na alipoolewa, mama mkwe hakuja harusini.

Sasa mtoto wa pekee wa Prewitt alikuwa amesimama kando ya picha ile, glavu nyeupe mikononi, akiwaeleza wageni. Bi Corinne Prewitt alikuwa mwembamba, karibu miaka sitini, na alizisafirisha mwenyewe picha za baba yake, kwa gari lake.

"Huyu mama simwelewi," alinong'ona Thelma Stroud, mkutubi, akimpa Rosaura kahawa. "Makumbusho makubwa ya pwani yanamlilia, hataki. Yeye na vimji vya jangwani tu, mara shuleni, mara kwenye maghala ya tende. Sisi katuandikia kila mwaka, miaka kumi na mmoja. Kamati ilikuwa inakataa, kwa ajili ya, unajua."

"Kwa ajili yangu. Sema tu."

Rosaura akamwachia kikombe, akaenda.

Alikuwa amejiandaa kulia. Aliliona jabali lililopasuka, mchanga, na kivuli cha adhuhuri. Mbele ya jabali ulisimama mti wa moshi, ule mti wa kijivu unaoota makorongoni, ambao ukiuona kwa mbali utadhani mtu kawasha moto. Rosaura aliutazama, akasogea karibu.

Mti ulikuwa umechanua. Kila kijitawi kilijaa maua ya zambarau.

Akazunguka nyuma. Machi 14, 1919. Akarudi mbele. Akazunguka tena, taratibu, kwa kuogopa kwamba macho yanamdanganya.

"Baba yako alikuwa mwongo," alisema.

Wageni wakageuka. Thelma akamshika mkono. "Rosaura, nakuomba. Si leo."

"Leo! Niache, Thelma." Akauonyesha mti kwa kidole. "Mti huu Machi ni miiba mitupu. Unachanua Juni, jua likiwa la kuua, wiki mbili basi. Mtoto wa hapa anajua! Lakini nani alimuuliza mtu wa hapa? Waliketi watu wa mjini, wakaamini maandishi, wakamnyonga mtu!"

Watu walitazamana. Mzee mmoja mfuga nyuki, aliyekuwa karibu na dirisha, akavua kofia.

"Ni Juni," alisema. "Mimi mizinga yangu naihamishia huko Juni. Machi nyuki hapati kitu."

"Mmesikia? Alikuwepo! Juni alikuwepo, kama alivyosema baba yangu. Na huyu bado anamzungusha kama mtume!"

Rosaura alisubiri mwanamke yule aite polisi, au ampige kibao. Alikitaka hicho kibao. Angekirudisha, na miaka arobaini na tisa juu yake.

Bi Corinne hakuita mtu. Alishika mgongo wa kiti, akakaa.

"Unaitwa nani, dada?"

"Rosaura Becerra."

"Wa Hilario."

"Wa Hilario. Mwanawe mkubwa yuko nje, garini. Nimwite naye umtazame?"

Bi Corinne alivua glavu moja, kisha ya pili, akaziweka mapajani. Alipoongea, hakuwatazama watu.

"Baba aliniapisha nisimwambie mtu, na sijamwambia mtu. Tangu afe nimezunguka na picha hii miaka ishirini na mitatu, kila mji unakoota mti huo, nikingoja mmoja wenu aseme. Tarehe hiyo niliiandika mimi, dada, Juni ile, nikiwa na miaka tisa."