Tajiri wa Chumba cha Mashine

Kabla ya kukaa kwenye choo, alifungua bomba la sinki hadi mwisho. Maji yakavuma. Ndipo akakojoa, haraka haraka, kama mtu anayeiba. Alipomaliza alitia mdomoni vidonge vyake vya asubuhi, akainamia bomba, akameza, kisha akajifuta midomo ikauke kabisa. Akavuta mikono mirefu ya gauni hadi kwenye viganja, akapandisha barakoa, akatoka.

Nyuma ya ukuta ule alilala mdogo wake, Kinyozi, kwenye kiti cha kuegemea. Mrija mmoja ulitoa damu yake na kuipeleka kwenye mashine, mwingine uliirudisha ikiwa safi. Mara tatu kwa wiki ilikuwa hivyo. Tangu ugonjwa wa figo umkamate, haja ndogo ilimkauka kabisa, na maji ya kunywa alipimiwa kama dawa. Wagonjwa wa chumba kile walikuwa na utani wao: anayeweza kwenda kukojoa, huyo ni tajiri.

"Tajiri karudi," Kinyozi akasema. "Huko mambo yanamwagika?"

"Acha upuuzi wako."

"Hata kutuletea habari, jamani. Bahili huyu."

Mzee wa kiti cha pili, dereva mstaafu aliyeanza kuja wiki ile, akacheka mpaka akakohoa.

Mashine ya Kinyozi ikalia. Muuguzi alikuwa upande wa pili wa chumba. Dada mtu akanyoosha mkono wa mdogo wake uliokuwa umekunjika, akabonyeza kitufe, mlio ukakatika. Akamfunika miguu kabla hajalalamika baridi.

"Wewe ungefaa kuwa muuguzi," Dereva akasema.

"Mimi fundi cherehani tu, mzee. Nimekaa sana humu, basi."

Siku za mashine hakushona. Alichemsha viazi, akamwaga maji, akavichemsha tena kama wagonjwa wa figo wanavyoelekezwa, akavileta kwenye kopo. Alimfulia Kinyozi, akawalipia wanawe ada, akampaka mafuta nyayo. Wifi yake hakushukuru. Siku hizi alikuwa hata hamsalimii. Akikutana naye mlangoni humwangalia ubavuni, kisha hugeuza uso. Dada mtu hakumlaumu. Angekuwa yeye, angetema mate kabisa.

Wiki iliyopita daktari aliwaita. Mshipa wa mkononi ambao sindano hupitia ulianza kuziba, na mingine ilishakufa. "Huu ukigoma, sijui tutampitishia wapi," alisema. "Tafuteni ndugu wa kumpa figo. Msichelewe." Wazazi walikuwa kaburini, watoto wa Kinyozi bado wadogo. Wa tumbo moja walikuwa wao wawili tu. Daktari alipotaja ndugu, dada mtu alitazama viatu vyake, na Kinyozi akauliza kama hospitali ina redio.

Sasa binti mmoja mtafiti kutoka chuo alikuwa akipita kiti hadi kiti, akiuliza maswali na kuandika kwenye simu. Akafika kwao.

"Tunataka kujua kwa nini wengine hupata figo mapema, na wengine husubiri hadi..."

"Hadi wafe," Kinyozi akamalizia. "Sema tu, binti, hapa hakuna mtoto. Muulize dada. Mimi mashine inanilewesha." Akafumba macho.

Mtafiti akavuta kigoda. "Wewe ni nani wake?"

"Dada yake. Tumbo moja."

"Mmewahi kupimwa, kuona kama mnaweza kupeana figo?"

Angeweza kusema hapana, akamaliza. "Tulipimwa."

"Majibu?"

"Tunalingana."

Kidole cha mtafiti kikasimama juu ya simu. Dereva naye akageuza shingo.

"Hiyo ni habari njema," mtafiti akasema. "Operesheni lini?"

"Hakuna operesheni."

"Daktari amekataa?"

Akaligeuza kopo la viazi mkononi. Maneno alikuwa nayo, na hayakuwa marefu. Lakini kila alipoyafikiria yalisikika kama ya mtu anayejitetea, na yeye hakutaka kutetewa. Alitaka mtu amkaripie, amkaripie vizuri, mpaka moyo ushuke. Kinyozi hajawahi kumpa hata hilo. Kazi yake kumtania.

Dereva akasonya. "Mimi nina wanangu wanne. Waliposikia habari ya figo, simu zao zote zikazima. Nikadhani wangu ndio wabaya kuliko wote." Akalitazama kopo mkononi mwa dada mtu. "Kumbe kuna wanaokuja kukaa hapa hapa, wazima, na viazi."

"Ni kweli, mzee."

"Huoni hata aibu?"

"Naona."

Mtafiti akashusha sauti. "Mama, wengi huogopa, si wewe peke yako. Hatuandiki majina." Akarudisha kidole kwenye simu. "Niweke kwamba ndugu amekataa?"

Kifuani mwa dada mtu kitu kililegea, kama uzi uliokatwa kwa meno.

"Weka," akasema.

Kinyozi akafumbua macho.

"Futa hiyo, binti," akasema. "Kulingana tulilingana, ila siku zile aliyekuwa kwenye kiti hiki ni yeye, na aliyetoa figo nilikuwa mimi."