Sakafu Inayong'aa

"Tumeipiga niru ya saruji laini, dada Modesta. Inang'aa kama sakafu ya kanisani!" fundi alisema kwa fahari.

Modesta aliinama akaigusa kwa kiganja. Njia hii ya mteremko ya kuingilia soko jipya la Soni aliichora iwe na mikwaruzo, magurudumu yapate kushika. Sasa ukungu ulikuwa umeshuka, na saruji ilitokwa jasho.

"Shikamoo, mama. Subiri kwanza," Modesta alimwambia muuza karoti aliyefika chini ya njia.

"Marahaba. Nisubiri tena, mwanangu? Miaka yote nimeuzia matopeni."

Muuza karoti alikuwa ameshaanza kupandisha kiti chake cha magurudumu huku akicheka, kapu mapajani.

Katikati ya njia magurudumu yalizunguka bila kupanda. Kicheko kilikatika. Karoti zikaanza kudondoka mojamoja.

Modesta alikimbia kumshika, na viatu vyake navyo vikateleza.