Mpasho wa Santuri

Tangu spika zote za mji zifundishwe kulainisha nyimbo, mpasho haukuwa tena na meno. Ukimpigia mtu wimbo wa kumsema, maneno makali yaligeuzwa njiani yakamfikia kama pongezi. Ndiyo maana akina mama walirudi kutafuta santuri: sahani ile nyeusi haifundishiki, husema lile lile lililochongwa juu yake.

Shemsa alikuwa na kisa chake. Mwanahawa, jirani wa nyumba ya mkabala, alikuwa amemchukulia mume, na mwaka mzima kila wimbo aliompelekea ulijibiwa, "Ahsante, shoga." Alasiri hiyo alimlaza mwanawe, akambusu paji la uso, kisha akafungua dirisha na kuzungusha hendeli ya gramafoni.

"Mdoea chungu cha mwenzio, utaondoka na masizi," santuri ikaimba.

Mwanahawa alichungulia, uso umempauka. "Shoga, huo unampigia nani?"

"Anayewashwa ndiye atakayejikuna, mwenzangu."

Dirisha likafungwa kwa kishindo. Shemsa alicheka mpaka machozi yakamtoka. Moyo ulimpoa kama maji ya mtungi.

Kabla kicheko hakijaisha, gramafoni nyingine ililia ghorofani. Ilikuwa ya wifi yake Biubwa, aliyemsaidia kulea mtoto, na ambaye hakuwahi kugombana naye hata siku moja. Wimbo ulimsema mke mwenye ulimi wa upupu, aliyemkimbiza mumewe mwenyewe.

Shemsa alisimama pale dirishani, akingoja maneno yalainike.