Saba ya Kopa

Karata ilimponyoka tena, ikaanguka kifudifudi kwenye mkeka. Inamahoro aliiokota akiwa ameuma mdomo.

"Tatizo unaiangalia," alisema Mzee Oswald. "Ukiiangalia wewe, na mwenzako ataiangalia. Mtazame mtu usoni, umuulize jambo. Akianza kutafuta jibu, mkono wake unakuwa kipofu."

Mzee Oswald alikuwa mpishi wa meli miaka mingi, na mazingaombwe ya karata alifundishwa na abiria wasio na kazi. Sasa alikuwa amestaafu, akiishi mtaa wa Katubuka mjini Kigoma. Ndiye aliyewapa chumba Inamahoro na mdogo wake Petero walipovuka mpaka kwa mtumbwi mwaka ule wa tisini na tatu, wakikimbia mauaji Burundi.

"Turudie. Saba ya kopa iko wapi?"

"Katikati, Mzee. Nimeizuia kwa kidole cha mwisho."

"Haya, tandaza. Vidole vyangu vikifika, na saba ifike. Isitangulie, isichelewe. Mtu ataapa kwamba kachagua mwenyewe."

Inamahoro alitandaza. Mzee alichomoa karata, akaigeuza. Tisa ya maua.

"Wanasema mjinga akierevuka, mwerevu yuko mashakani," alisema Mzee. "Mimi bado nalala usingizi. Zipange upya, vidole vizoee."

Alizipanga, kopa kwa kopa, shupaza kwa shupaza. Palikuwa na pengo.

"Mzee, kumi ya shupaza haipo."

"Imeazimwa."

"Nani anaazima karata moja?"

"Tandaza, binti. Jumamosi haingoji mtu."

Jumamosi ndiyo iliyokuwa ikimnyima usingizi. Habari zilikuwa zimefika kwamba mama yao yu hai, amefichwa na jirani pwani ya Rumonge, huko huko Burundi, mguu umevunjika. Ndizeye, mvuvi wa kijiji cha Mwamgongo, alikubali kwenda kumchukua, ila alitaka mtu mmoja tu wa kumbeba mgonjwa hadi mtumbwini. Mitumbwi miwili iliyotangulia kwa kazi kama hiyo haikurudi. Kila mtu kwenye mwalo wa Kibirizi, inakotia nanga mitumbwi, alilijua hilo, na hakuna aliyependa kulisema.

Walikuwa wamegombana usiku kucha. "Mimi ndiye mwanamume," alisema Petero. "Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni," alijibu Inamahoro. Mwisho walikubaliana karata ziamue, Mzee Oswald awe shahidi. Mkubwa atandaze, mdogo achomoe. Ikiwa nyekundu Petero abaki, ikiwa nyeusi aende. Waliapa kwa jina la mama kuyapokea matokeo, na kabla kiapo hakijapoa Inamahoro alikuwa kwa Mzee, akiomba afundishwe kudanganya.

Hakuona haya. Petero alikuwa na miaka ishirini, lakini siku ya kuvuka alitapika njia nzima, akang'ang'ania ubao hata ikabidi wamfungue vidole kimoja kimoja. Tangu habari zile zije, kila asubuhi aliaga kwamba anakwenda mwaloni kuyazoea maji. Alirudi viatu vikavu, bila hata punje ya mchanga. Maskini, aliwaza dada yake, hathubutu hata kusogea.

Woga ulikuwa umembadilisha mno. Katika jua lile la Kigoma alishinda amevaa koti la mtumba, mikono yake mirefu ikimfunika mpaka vidoleni. Na adabu zilikuwa zimemrudia. Petero aliyezoea kukwapua sahani, sasa alipokea kila kitu kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, kama mama alivyowafunza utotoni. Alipokea hivyo kikombe, chumvi, hata kiberiti. Mara ya kwanza Inamahoro alicheka. Mara ya pili alitoka nje akalia, kwa sababu alimwona mama yao katika mkono ule.

Ijumaa jioni Mzee Oswald alichomoa karata kutoka mikononi mwa Inamahoro. Saba ya kopa. Akachomoa tena. Saba ya kopa.

"Sasa nina mashaka," alisema Mzee, wala hakutabasamu.

Asubuhi yake, mwaloni Kibirizi, Ndizeye alikuwa amekwisha kuwasha mashine ya mtumbwi. "Fanyeni haraka, mawimbi yanakuja," alisema. Mzee Oswald alizichanganya karata, akamkabidhi Inamahoro, saba ya kopa ikiwa chini kabisa kama walivyopatana.

Vidole vyake vilikuwa baridi. Aliikata pakiti, kidole cha mwisho kikakaa mahali pake. Akatandaza, akamtazama mdogo wake usoni.

"Petero, mama alikuwa akiimba nini alipotwanga?"

Petero alifikiri. Macho yakamlegea, mkono ukaja. Saba ya kopa ikaufikia mkono bila kutangulia wala kuchelewa, na Inamahoro akaisikia ikitoka vidoleni mwake. Furaha ilimpanda, na hofu nayo nyuma yake. Ni yeye anayekwenda. Akainama, akaanza kuvua viatu ili aingie majini.

Petero aliipokea kwa adabu zote, mkono wa kushoto kwenye kiwiko, akaibana kidogo kifuani kwenye koti kama mtu anayesali.

"Igeuze basi," alisema Ndizeye.

"Ego," aliitikia Petero kwa Kirundi. Kisha kwa upole akasema, "Vaa viatu vyako, Dada. Ni nyeusi."

Inamahoro aliinua kichwa. Mdogo wake alikuwa amewanyooshea wote karata waione: kumi ya shupaza.