Nungunungu Katika Ibada ya Pili

Kanisa la wanyama lilipofurika mpaka madirishani, Mchungaji Nungunungu aliigawa ibada. Ya kwanza akaishika mwenyewe, ya pili, ya waumini wapya, akamwachia Mwinjilisti Chiriku, kisha kila Jumapili akawahi nyumbani kunywa chai. Lakini vigelegele vya ibada ya pili vikawa vinamfuata hadi kwenye kikombe, na wivu ukamsimamisha miiba.

"Kadomo haka kana nini nisicho nacho?" akafoka. Jumapili iliyofuata akajibanza kwenye kiti cha nyuma, akitafuta kosa la kumfukuzia Chiriku.

Ikafika zamu ya kutambulisha wageni. Kanga, mzee wa zamu, akaona sura ngeni. "Baba, simama, usione haya! Jina lako nani, na umetoka kanisa gani?"

Nungunungu akageuka huku na huku. Katika mamia yale hakuna aliyemjua, ila Chiriku kule madhabahuni, aliyejificha nyuma ya Biblia yake.

"Naitwa Nungunungu," akasema, miiba ikilala mmoja mmoja. "Nimekuja na wivu. Niombeeni."

"Karibu sana, baba," Kanga akamjibu. "Wenye wivu hapa tupo tele. Sogea mbele upate nafasi."